Familia za Wapuritani wa New England: kilichokuwa ndani ya nyumba zile

Kila Novemba, Wamarekani wanapokaribia sikukuu yao ya Shukrani, ile picha hurudi kwenye simu zetu: mwanamume mwenye kofia ndefu nyeusi yenye bizimu, mke mwenye kitambaa cheupe kichwani, watoto kimya, kila mmoja kakunja uso. Mabishano huanzia hapohapo. Wapo wanaosema hiyo ndiyo familia ya Kikristo iliyonyooka, baba akiwa baba na mama akiwa mama. Wapo wanaosema hiyo ilikuwa jela yenye Biblia. Wote wanabishania watu wa kwenye picha. Wapuritani wenyewe walifunga ndoa bila mchungaji, waliruhusu talaka, walivaa nguo za rangi, walipeleka watoto wao kukaa kwenye nyumba za watu wengine, na waliwatoza faini walioadhimisha Krismasi.

Mambo haya yanaonekana hayana uhusiano mpaka ushike jambo moja. Kwa Wapuritani, familia haikuwa suala la faragha. Ilikuwa ngazi ya kwanza ya serikali na ya kanisa kwa pamoja, na baba alikuwa kama ofisa aliyepewa kituo. Alikuwa na mamlaka makubwa ndani ya nyumba, na kwa sababu hiyohiyo alichunguzwa, alihojiwa, na aliweza kunyang'anywa watoto aliposhindwa kazi.

Ni akina nani hasa

Wapuritani walikuwa Waprotestanti wa Uingereza, karne ya 16 na ya 17, walioona kwamba Kanisa la Uingereza liliachana na Roma nusunusu tu. Walitaka mabaki ya Ukatoliki yaondolewe: mavazi ya ibada, sikukuu za watakatifu, maaskofu. Wengi wao walitaka kulisafisha kanisa hilo wakiwa ndani. Wachache walikata tamaa wakajitenga kabisa, na kutoka kwao ndiko walikotoka viongozi na sehemu kubwa ya abiria maarufu wa meli ya Mayflower, watu 102 waliofika Plymouth, Amerika Kaskazini, mwaka 1620. Takriban nusu yao walikufa kabla majira ya baridi ya kwanza hayajaisha. Abiria hao wa Mayflower ndio wanaoitwa Mahujaji.

Wimbi kubwa lilikuja baadaye. Mwaka 1630 John Winthrop aliongoza msafara uliojenga Boston na koloni la Massachusetts Bay, na kufikia 1640 watu wapatao 20,000 walikuwa wamevuka bahari. Plymouth na Massachusetts Bay yalikuwa makoloni mawili tofauti mpaka mkataba wa kifalme wa 1691 ulipoyaunganisha, lakini kwa habari za familia yalifanana kiasi cha kuzungumzwa pamoja.

Kilichowatofautisha na walowezi wengine wa Kiingereza ni kwamba walikuja wakiwa familia. Kule Virginia wengi walikuwa vijana wa kiume wasio na wake, waliokuja kulima tumbaku kwenye mabonde ya mito yenye malaria, wakafa kwa wingi kabla ya kuzaa. New England, yaani eneo la kaskazini-mashariki mwa Marekani ya leo yalikokuwa makoloni ya Wapuritani, ilikuwa baridi na haikuwa na maradhi mengi ya aina hiyo. Aliyefikisha miaka 20 alikuwa na matumaini ya kweli ya kuvuka 60. Watoto wengi wa huko walikua wakiwajua babu na bibi zao, jambo lililokuwa adimu Virginia. Mfumo mzima wa familia ya Kipuritani unategemea hilo: baba anayeishi muda mrefu ni baba anayetawala muda mrefu.

Ndoa iliyofungwa na hakimu

Wapuritani waliyakataa mafundisho ya Kikatoliki kwamba ndoa ni sakramenti. Walisema Biblia haimpi mchungaji kazi ya kuwafungisha watu ndoa. Ndoa ni mkataba wa kiraia, tena mtakatifu, lakini mkataba. Ndoa ya kwanza ya Plymouth ilifungwa tarehe 12 Mei 1621 mbele ya hakimu. Bwana harusi alikuwa Edward Winslow, aliyefiwa na mkewe mwezi Machi mwaka uleule, na bibi harusi Susanna White, aliyefiwa na mumewe mwezi Februari, akiwa na mtoto mchanga aliyemzaa melini. Leo mtu angeona ni haraka ya kutisha. Kwa wakati ule, nyumba isiyo na mume au mke haikuweza kujiendesha: hapakuwa na wa kuzalisha chakula, wala wa kulinda moto, wala wa kunyonyesha mtoto.

Hatua zilikuwa hivi. Kijana alihitaji ruhusa ya wazazi wa msichana kabla hata ya kuanza uchumba. Kumnyemelea binti bila ruhusa ya baba kulikuwa kosa la mahakamani. Kisha pande mbili ziliketi kupanga mali. Haikuwa mahari ya kumlipa baba. Kila upande uliwapa vijana mtaji wa kuanzia, na kwa kawaida familia ya mume ilitoa karibu mara mbili ya ile ya mke: upande wa kiume ardhi, upande wa kike ng'ombe, vyombo, mashuka au fedha. Baada ya hapo nia ya ndoa ilitangazwa mara tatu kwenye mkutano wa hadhara, au karatasi ilibandikwa mahali pa wazi kwa siku 14. Halafu wakaenda kwa hakimu. Hapakuwa na pete, kwa kuwa waliiona mabaki ya Upapa. Karani aliandika, watu wakala nyumbani, basi. Ni mwishoni kabisa mwa karne ndipo wachungaji waliporuhusiwa kufungisha ndoa huko Massachusetts.

Dhana ya kwamba wasichana waliozwa wakiwa na miaka 13 au 14 haina msingi. Kumbukumbu za miji zinaonyesha wanawake wakiolewa mara nyingi kati ya miaka 20 na 22, na wanaume wakioa kati ya 25 na 27. Sababu ni ardhi: bila shamba hakuna ndoa, na shamba lilikuwa mikononi mwa baba.

Na mapenzi? Hapa ndipo picha ya nyuso zilizokunjwa inapodanganya zaidi. Wahubiri wao walifundisha kwamba kumpenda mwenzi ni wajibu, na kwamba mtu asimwoe asiyeweza kumpenda. Winthrop alipotangulia Amerika mwaka 1630, mkewe Margaret alibaki Uingereza akiwa mjamzito. Walipatana kwamba kila Jumatatu na Ijumaa, saa kumi na moja jioni, kila mmoja popote alipo ataacha shughuli na kumfikiria mwenzake mbele za Mungu. Barua zao zipo hadi leo. Na mapenzi hayo hayakuwa ya rohoni tu. Kanisa la kwanza la Boston lilimtenga muumini mmoja, James Mattock, kwa makosa yaliyojumuisha kumnyima mkewe haki ya ndoa kwa miaka miwili. Walichokipiga vita ni tendo hilo nje ya ndoa. Wenzi waliopata mtoto mapema mno baada ya harusi waliitwa mahakamani wakalipa faini au wakachapwa. Uzinzi ulikuwa na adhabu ya kifo kwenye sheria, na mwaka 1644 Mary Latham na James Britton walinyongwa Boston kwa kosa hilo. Baada ya hapo mahakama ziliona uzito wa adhabu hiyo, zikawa zinatafuta kosa dogo zaidi la kumtia mtu hatiani.

Kwa kuwa ndoa ni mkataba, iliweza kuvunjwa. Mwaka 1639 mahakama ya Massachusetts ilivunja ndoa ya James Luxford kwa sababu alikuwa na mke mwingine. Sababu zilizokubalika zilikuwa uzinzi, kutelekezwa kwa miaka mingi, kuwa na mke au mume mwingine, na kushindwa kabisa tendo la ndoa. Talaka zilikuwa chache, lakini mwanamke aliyeachwa aliweza kuolewa tena, wakati dada yake aliyebaki Uingereza hakuwa na nafasi hiyo.

Mke alikuwa na nini, na hakuwa na nini

Mwanamke alipoolewa, kisheria alimezwa na mumewe. Hakumiliki mali kwa jina lake, hakusaini mkataba, hakupiga kura, hakushtaki mtu peke yake. Hilo halipambwi. Lakini mume naye alifungwa mikono. Sheria za Massachusetts za mwaka 1641, kifungu cha 80, zilimkataza kumpiga mkewe isipokuwa anajitetea dhidi ya shambulio lake. Sheria kuandikwa hakuzuii kipigo kila mahali, na mahakama mara nyingi ziliwarudisha wanawake kwenye nyumba walizozikimbia. Hata hivyo, kwa mwaka 1641, kifungu hicho kilikuwa kitu kigeni.

Mume akisafiri au akiwa vitani, mke alishika nafasi yake yote: alidai madeni, aliuza nafaka, alisimamia vibarua. Akifiwa, alipata theluthi ya mali kwa matumizi yake maisha yote, na fungu lililobaki likaenda kwa watoto. Mtoto wa kwanza wa kiume alipata mafungu mawili, wengine fungu mojamoja, tofauti na desturi ya Uingereza ambako ardhi yote ingeweza kwenda kwa kifungua mimba.

Kazi zake za kila siku zilianza kwenye jiko la moto wa kuni, katikati ya nyumba, ambao haukuruhusiwa kuzimika. Nyumba yenyewe kwa kawaida ilikuwa na vyumba viwili chini na dari ya kulala juu. Chumba kimoja kilikuwa cha kupikia, kulia, kusokota na kulala baadhi ya watu. Chakula kikuu kilikuwa mahindi, zao ambalo Wazungu hawa hawakujua kulipanda mpaka walipofundishwa na Wawampanoag, wenyeji wa eneo hilo: yalitwangwa yakapikwa uji mzito, au yakasagwa na kuchanganywa na unga wa rai, nafaka inayofanana na ngano, kuwa mkate mzito. Walikula kwa vijiko kutoka bakuli la mbao, mara nyingi watu wawili bakuli moja, na kinywaji kilikuwa bia nyepesi, watoto wakiwemo. Kutengeneza bia hiyo kulikuwa kazi ya mke, pamoja na siagi, jibini, sabuni, mishumaa, bustani ya mboga na kuku.

Nguo nazo hazikuwa nyeusi tupu. Rangi nyeusi nzuri ilikuwa ghali kwa sababu kitambaa kilichovywa mara nyingi, na bado ilipauka. Kwa hiyo ilihifadhiwa kwa Jumapili na kwa kuchorwa picha, ndiyo maana picha zinatudanganya. Orodha za mali zilizoandikwa baada ya watu kufa zinasema kingine: gavana William Bradford wa Plymouth aliacha joho la zambarau na kizibao chekundu, na mzee wa kanisa William Brewster aliacha koti la zambarau na suruali za ndani za kijani. Bizimu kwenye kofia ni mapambo ya wachoraji wa baadaye. Kilichokatazwa na sheria ya 1651 ni maskini kujivika kitajiri: mwenye mali ya chini ya pauni 200 hakuruhusiwa kuvaa nakshi za dhahabu au fedha.

Watoto

Mwanamke alizaa kila baada ya miaka miwili hivi, kwa sababu kunyonyesha mwaka mzima au zaidi kulichelewesha mimba. Saba au wanane kwa mama mmoja ilikuwa kawaida. Alizaliwa mtoto mikononi mwa mkunga, chumba kimejaa majirani wanawake, na siku chache baadaye, hata theluji ikiwa magotini, akapelekwa kubatizwa. Majina yalikuwa ujumbe: watoto wa Brewster waliitwa kwa maneno yenye maana ya Subira, Hofu, Upendo na Kushindana Mweleka. Mtoto akifa, mara nyingi jina lake lilipewa anayefuata.

Na walikufa. Mchungaji Cotton Mather wa Boston alipata watoto 15. Wawili tu ndio waliomzika. Mwaka 1713 surua iliingia nyumbani mwake, na ndani ya wiki mbili ikamwondolea mke, mapacha wachanga, binti wa miaka miwili na mtumishi wa ndani. Anayedai kwamba wazazi hawa hawakuwapenda watoto kwa kuwa walizoea vifo, asome shajara ya Mather ya mwezi ule.

Waliamini kwamba mtoto huzaliwa na dhambi ya asili na kwamba ukaidi wake lazima uvunjwe mapema. Lakini chombo chao kikuu hakikuwa fimbo. Kilikuwa kusoma. Asiyesoma hawezi kuijua Biblia, na asiyeijua Biblia ni windo la shetani. Mwaka 1642 Massachusetts iliagiza wazee wa kila mji wakague kama wazazi na mabwana wanawafundisha watoto kusoma, sheria za nchi na kazi ya mikono; atakayezembea atozwe faini, na watoto waweze kupelekwa kwingine. Mwaka 1647 kila mji wenye kaya 50 uliamriwa kuajiri mwalimu, na wenye kaya 100 kuanzisha shule ya Kilatini.

Mtoto alianza na kibao chenye mpini, ukubwa wa kiganja, kilichobandikwa karatasi moja yenye alfabeti, silabi na Sala ya Bwana, juu yake utando mwembamba wa pembe ya ng'ombe ili vidole visichafue. Kusoma kulitangulia, kuandika kukafuata miaka kadhaa baadaye, na kuandika kulihesabiwa kama ujuzi wa kazi za kiume. Ndiyo maana mwanamke aliyetia alama ya X kwenye wosia wake huenda aliisoma Biblia nzima mara kadhaa. Watu hukosea hapa wanapohesabu saini na kusema wanawake wengi hawakujua kusoma.

Sheria inayotajwa sana ni ile ya 1646, iliyosema mwana wa miaka 16 au zaidi aliye mkaidi na mwasi kwa wazazi wake anaweza kuuawa. Ipo kweli, imechukuliwa Kumbukumbu la Torati. Hakuna mtoto anayejulikana kunyongwa kwa sheria hiyo. Ilidai wazazi wote wawili wamshtaki kijana wao mbele ya mahakama, na sheria iliyokaa jirani nayo, ya mtoto anayempiga au kumlaani mzazi, haikutumika kama wazazi wenyewe walikuwa wakatili au walizembea kumfundisha. Upande wa pili, kifungu cha 83 cha sheria za 1641 kilimpa mtoto haki ya kumshtaki mzazi anayemtesa au anayemzuia kuoa bila sababu.

Kinachowashangaza wengi zaidi ni kuwatoa watoto. Kuanzia miaka kumi hivi hadi 14, mara nyingine mapema zaidi, wavulana na wasichana wengi walipelekwa kwenye nyumba nyingine, hata watoto wa wenye uwezo, hata kwa kazi ambayo wangeweza kujifunza nyumbani. Mkataba uliandikwa: mvulana mpaka miaka 21, msichana mpaka 18 au aolewe. Bwana alidaiwa chakula, nguo, malazi, mafunzo ya kazi na kusoma, na mwisho wa muda suti mbili, moja ya Jumapili na moja ya kazi. Palipokosekana mikono, mkono wa mtoto ulijaza. Lakini baadhi ya wanahistoria wanaona sababu nyingine: wazazi waliogopa kwamba upendo wao wenyewe ungewaharibu watoto, na kwamba mtu baki angewaadibisha bila kulegea. Mimi naona sababu hii ya pili ina uzito, kwa kuwa inaeleza kwa nini hata matajiri walifanya hivyo.

Waliokuwa ndani lakini hawakuwa wa damu

Familia kwao ilimaanisha wote wanaolala chini ya paa moja na kutawaliwa na mkuu mmoja. Ndani yake walikuwamo watumishi wa mkataba, na kuanzia 1638, wakati meli iitwayo Desire ilipowaleta Waafrika kutoka visiwa vya Karibea, walikuwamo watumwa. Wenyeji wa Kipequot waliotekwa katika vita vya 1637 nao waligawanywa kwenye nyumba au kuuzwa ng'ambo. Zile sheria za 1641 zinazosifiwa kwa kumlinda mke zilihalalisha utumwa kwenye kifungu cha 91. Baba wa nyumba aliyesali asubuhi na jioni alisali pamoja na watu aliowamiliki, na hakuona mgongano. Makala nyingi kuhusu "familia ya Kipuritani" huruka hapa. Anayeruka hapa anaeleza nusu ya nyumba.

Mmoja wao alikuwa Onesimus, Mwafrika ambaye waumini walimnunua mwaka 1706 wakamzawadia Mather. Alimweleza bwana wake kwamba kwao walichanja ngozi na kuingiza usaha wa ndui ili mtu augue kidogo asife. Ndui ilipoingia Boston mwaka 1721, daktari Zabdiel Boylston, kwa kuhimizwa na Mather, aliwachanja watu zaidi ya 240, akianza na mwanawe. Walikufa sita. Kati ya walioipata kwa njia ya kawaida, walikufa kama 14 katika kila 100.

Nani aliwachunga wachungaji wa nyumba

Kwa kuwa nyumba ni ngazi ya serikali, mtu hakuruhusiwa kuishi nje yake. Connecticut iliagiza mwaka 1637 kwamba kijana asiye na mke wala mtumishi asikae nyumba yake peke yake bila idhini ya mji. Alipaswa kuwekwa kwenye familia. Mnamo miaka ya 1670 Massachusetts ikaongeza wakaguzi, kila mmoja akipewa familia kumi au kumi na mbili za jirani kuzichunguza: nani hasali, nani analewa, nani hafundishi watoto. Aliyekulia Tanzania ya balozi wa nyumba kumi atauelewa mpangilio huu mara moja, ila huyu alikuwa na mamlaka ya dini pia.

Sabato ilianza jua la Jumamosi likizama. Chakula cha Jumapili kilipikwa kabla, na siku yenyewe ilikuwa na ibada mbili ndefu. Krismasi haikuwamo kwenye Biblia, kwa hiyo kati ya 1659 na 1681 aliyeiadhimisha Massachusetts alitozwa shilingi 5.

Mfumo huu ulilegea kutoka ndani. Uanachama kamili wa kanisa ulidai ushuhuda wa kuokoka, na watoto wengi wa waanzilishi hawakuutoa. Wajukuu wakawa hawana haki ya kubatizwa. Mwaka 1662 mkutano wa wachungaji ulikubali wabatizwe hata hivyo, wazazi wao wakiwa wanachama nusu, na makanisa yakagawanyika vikali juu ya uamuzi huo. Ardhi nayo iliisha. Katika mji wa Andover, baba wa kizazi cha kwanza waliwajengea vijana wao nyumba lakini wakashikilia hati mpaka walipokufa, hivyo mtu wa miaka 40, mwenye mke na watoto, bado alikuwa chini ya baba yake. Kizazi cha tatu hakikuwa na shamba la kusubiri. Wakaanza kuuza urithi wao mdogo, kujifunza ufundi, na kuhamia miji mipya ya Connecticut na New Hampshire, ambako baba hakuwapo wa kuwazuia.